Ndege Waliosemewa Uongo: Maisha ya Kanali Meinertzhagen

Mtu wa pwani akifika Eldoret baada ya mavuno ya ngano, mwezi wa Novemba au Disemba, jambo la kwanza litakalomshughulisha ni baridi. La pili, kama ni mtu wa kutazama juu, ni ndege. Sisi huku tumezoea mwewe wa bandarini na sokoni, mwizi wa vichwa vya samaki, ambaye hata watoto wanamjua kwa jina na kwa tabia. Kule katika nyanda za Uasin Gishu, juu ya mabua ya ngano iliyokwisha kukatwa, wako wengine. Wako vipanga wembamba wa mabawa marefu, warukao chini chini kana kwamba wanatafuta kitu kilichopotea, mara huku mara kule, wakisaka panya na panzi. Wako tai wakubwa wa rangi ya udongo wakaao ardhini saa nzima bila ya kumshughulikia mpita njia. Ukirudi mwezi wa Mei huwakuti.

Hao si wenyeji. Tai wale huzaliwa katika nyika za Urusi, Kazakhstan na Mongolia, na vipanga wale hutoka Ulaya na Asia. Kwao kukiingia baridi, wao hufunga safari kuja kwetu. Wanaye jamaa yao mmoja mdogo, kipanga wa Amur, ambaye sisi wa pwani tungestahili kumpenda zaidi, kwani husafiri kwa msimu kama jahazi. Hutoka upande wa Uchina na Urusi ya mashariki, akapumzika Nagaland katika pembe ya mashariki ya Bara Hindi, kisha akangoja upepo na kuikata bahari, maelfu ya kilomita za maji bila ya kutua, akaingia Somalia, akapita Kenya na kushuka mpaka kusini mwa Afrika. Mwaka 2013 wataalamu waliwafunga watatu mgongoni mitambo midogo ya kutuma habari, wakaifuata safari hiyo kwa setilaiti.

Lakini setilaiti ni mambo ya juzi. Hata desturi ya kuwavika ndege pete za chuma miguuni ilianza mwaka 1899, kwa mwalimu mmoja wa Denmark aitwaye Hans Mortensen, na hapa Kenya kazi hiyo imefanywa kwa wingi huko Ngulia, katika Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye pia, aliyetaka kujua kipanga fulani huwa wapi mwezi fulani alikuwa na njia moja tu ya kutegemea. Alikwenda katika nyumba ya makumbusho, akavuta mtoto wa kabati, akatazama ngozi za ndege waliopigwa risasi, wakakaushwa na kujazwa pamba. Mguuni mwa kila mmoja umefungwa uzi, na katika uzi kikaratasi. Kikaratasi kinataja mambo machache: ni ndege gani, wa kiume au wa kike, amepatikana wapi, tarehe gani, na nani aliyempata.

Kikaratasi hicho ndicho ushahidi. Ngozi peke yake haisemi kitu. Haijui kama ilitoka Nandi au Nepal. Anayesema ni yule aliyeandika. Aliyesoma chuoni hatahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana wanazuoni wa hadithi walilishughulikia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwao maneno mazuri hayakutosha. Waliuliza: umeyapokea kwa nani, naye kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa namna gani? Mmoja katika silsila akithibitika kuwa mwongo, basi yote aliyoyasimulia huwekwa kando, hata yale ambayo huenda yalikuwa kweli. Na kabla yao tunacho kisa cha Hudhud, aliyekosekana katika gwaride la Nabii Sulaiman kisha akarudi na habari za Saba. Nabii Sulaiman hakumkadhibisha wala hakumsadiki papo hapo. Alimpa barua aipeleke, ili ijulikane kama ni mkweli.

Mtu ninayetaka kumsimulia leo hakutahiniwa hivyo hadi alipokwisha kufa. Jina lake ni Richard Meinertzhagen, kanali wa jeshi la Kiingereza, jasusi, na kwa muda wa nusu karne mmoja wa wataalamu wa ndege waliotajwa kwa heshima kubwa duniani. Nchi ya Wanandi, isiyo mbali na Eldoret kwa upande wa kusini, inamjua kwa sababu nyingine kabisa, na inamjua vizuri.

Alizaliwa London tarehe 3 Machi 1878, katika nyumba ya matajiri wa benki wenye asili ya Kijerumani. Mama yake alikuwa ndugu wa Beatrice Webb, yule mwandishi maarufu wa siasa za kijamaa. Familia ilipanga jumba kubwa la kale huko Mottisfont, kusini mwa Uingereza, lenye mto na misitu, na huko ndiko Richard na kaka yake mkubwa Daniel walikofuga ndege wala nyama, tai na vipanga, katika vizimba. Daniel alikuwa na kipawa cha kuwachora. Alifariki mwaka 1898 akiwa bado kijana, na wengi waliomwandika Richard wanasema pigo hilo hakupona nalo. Yeye mwenyewe alilazimishwa kujaribu kazi ya benki, akaichukia, na mwaka 1899 akaingia jeshini na kupelekwa Bara Hindi.

Mwaka 1902 alihamishiwa kikosi cha King's African Rifles, akaletwa Kenya, wakati ule ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Reli ilikuwa imekwisha fika Kisumu mwaka mmoja kabla. Kijana huyu wa miaka ishirini na minne alikuja na bunduki, madaftari na dawa za kukaushia ngozi. Alikusanya ndege, alikusanya wanyama, na mwaka 1904 mtaalamu wa London, Oldfield Thomas, alimpa jina lake mnyama mmoja mkubwa wa misitu ya Kenya ambaye wanasayansi walikuwa hawajamwandika bado. Wasomaji wangu wataniwia radhi, mnyama huyo ni nguruwe. Nguruwe mkubwa wa msituni anaitwa kwa jina la Meinertzhagen mpaka leo katika vitabu vya elimu, na katika yote aliyoyaacha bwana huyu, hilo ndilo moja ambalo hakuna aliyelitilia shaka.

Alikusanya na roho za watu pia. Katika kitabu cha kumbukumbu zake za Kenya, alichokichapisha mwaka 1957, ameeleza bila ya haya jinsi mwaka 1902 alivyokiangamiza kijiji kizima katika nchi ya Wakikuyu, akisaza watoto tu, kulipiza kisasi cha Mzungu mmoja aliyeuawa. Ukurasa mmoja mauaji, ukurasa wa pili ndege. Msomaji hupata taabu ya kuvuka kutoka huku kwenda kule. Yeye mwandishi haonekani kuipata.

Wanandi walikuwa wakiwapinga Waingereza tangu mwaka 1895. Kiongozi wao wa kiroho, ambaye wao humwita Orkoiyot, alikuwa Koitalel arap Samoei, mwana wa Kimnyole, yule mwaguzi anayesemekana alitabiri kuja kwa nyoka wa chuma mwenye kutoa moshi. Kwa miaka kumi reli na nyaya za simu zilizopita kando ya nchi yao hazikuwa na amani. Serikali iliandaa jeshi kubwa la kuwavunja. Meinertzhagen, aliyekuwa katika ngome ya Nandi, aliamini kwamba akiondoka Koitalel vita vitakwisha.

Wakapatana kukutana. Tarehe 19 Oktoba 1905, mlimani karibu na mahali ulipo leo mji wa Nandi Hills, Koitalel alikuja na wafuasi wake na Meinertzhagen akaja na askari wake. Wanandi husimulia kwamba yalikuwa mazungumzo ya suluhu, na kwamba Orkoiyot alipigwa risasi pale alipounyosha mkono wa amani. Meinertzhagen aliandika kwamba alitegewa mtego na kwamba yeye alitangulia tu. Wasiogombania jambo hili ni wachache, lakini hakuna anayebisha juu ya matokeo: Koitalel alikufa pale pale kwa mkono wa Meinertzhagen, na wafuasi wake wengi wakauawa pamoja naye. Fimbo zake za uongozi zilichukuliwa na muuaji wake.

Chuoni waalimu walikuwa wakitusimulia habari ya Imamu Bukhari, kwamba alisafiri safari ndefu kwenda kupokea hadithi kwa mtu mmoja, akamkuta anamwita mnyama wake kwa kukunja nguo kana kwamba ndani yake mna chakula. Nguo ilikuwa tupu. Imamu akageuka akarudi zake, hakutaka kusikia lolote kutoka kwa mtu amdanganyaye mnyama. Kila nisomapo habari za siku ile ya Oktoba nakumbuka nguo ile.

Maafisa wenzake wenyewe walinong'ona. Baraza za uchunguzi ziliketi mara tatu, na mara zote tatu hakupatikana na hatia. Hata hivyo wakubwa wa London hawakutaka abaki, na mwaka 1906 aliondolewa Afrika. Wanandi walihamishwa, wakatiwa katika mipaka. Ardhi ya Uasin Gishu ikagawiwa walowezi. Mwaka 1908 kundi kubwa la Makaburu kutoka Afrika Kusini lilishuka kwenye bandari yetu ya Mombasa, likapanda reli mpaka Nakuru, na kutoka hapo likapanda nyanda za juu kwa magari ya ng'ombe. Mwaka 1910 pakawekwa posta katika shamba nambari 64, na kwa muda mrefu mji wenyewe uliitwa kwa nambari hiyo, wenyeji wakaifanya Sisibo, kabla ya kuwa Eldoret mwaka 1912. Mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923 na hakufunguliwa hadi mwaka 1964, baada ya uhuru. Hayo yote yalifuata nyuma ya mkutano ule mmoja.

Vita Vikuu vya kwanza vilimrudisha. Novemba 1914 alikuwa afisa wa ujasusi katika jeshi lililotoka Bara Hindi na kushuka Tanga, lile lililopigwa na Wajerumani na nyuki pamoja, kisa ambacho wazee wa Tanga hawakuacha kukicheka. Alibaki Afrika Mashariki akiendesha mtandao wa wapelelezi wenyeji, na kazi hiyo aliifanya kwa ustadi, hata maadui walikiri.

Kisha akapelekwa Palestina. Hapa wasomaji wengi ndipo watakapokuwa wamelisikia jina lake. Mwezi wa Oktoba 1917, kabla ya Jenerali Allenby kuishambulia Bir Saba, afisa mmoja wa Kiingereza alijifanya amejeruhiwa akaangusha mkoba wenye karatasi za uongo ili Waturuki wadhani shambulio litakuja Ghaza. Meinertzhagen alidai wazo lilikuwa lake na aliyepanda farasi siku ile ni yeye. Sifa hiyo ilimfuata maisha yake yote. Wachunguzi wa baadaye, walipofungua majalada ya jeshi, waliona kwamba wazo lilitoka kwa mwengine, na kwamba aliyeuangusha mkoba naye alikuwa mwengine.

Baada ya vita alihudhuria mkutano wa amani wa Paris, akafanywa afisa mkuu wa siasa Palestina mwaka 1919. Alikuwa mtetezi mkali wa Uzayuni kuliko Wazayuni wengi, akiwashitaki wakubwa wake kwamba wanawapendelea Waarabu, na mwaka 1920 wakubwa hao wakamwondoa. Alifanya kazi kwa muda chini ya Winston Churchill katika wizara ya makoloni, akaacha jeshi mwaka 1925. Alifariki London tarehe 17 Juni 1967, wiki moja tu baada ya vita vya siku sita kumalizika.

Nimeyapitia mambo ya siasa kwa haraka kwa sababu yeye mwenyewe aliyahesabu kuwa kazi ya pembeni. Ndege ndio waliokuwa maisha yake. Alisafiri kuwatafuta kutoka Afrika hadi Arabuni, Afghanistan na milima ya Himalaya. Mwaka 1920 na 1921 alichapisha katika jarida la Ibis, jarida kubwa la wataalamu wa ndege wa Kiingereza, makala juu ya urefu wanaorukia ndege wasafirio na mwendo wao kwa saa, jambo lililokuwa bado kizani, akalirudia mwaka 1955. Mwaka 1930 alitoa vitabu viwili vikubwa vya ndege wa Misri, akikamilisha kazi iliyoanzwa na marehemu Nicoll. Mwaka 1954 akatoa kitabu cha ndege wa Arabuni, na mwaka 1959 kitabu kizima juu ya ndege wala nyama na ndege wanyang'anyi. Alitunukiwa medali na nishani. Ngozi zake zipatazo 20,000, zilizopangwa kwa unadhifu wa ajabu, alizitoa sadaka kwa Makumbusho ya Uingereza mwaka 1954, na wataalamu wakazitumia kuchora ramani za safari za ndege.

Ajabu ni kwamba makumbusho hayo hayo yalikuwa yamemfukuza. Mwaka 1919 alipigwa marufuku kuingia chumba cha ndege kwa sababu ya kutoka na ngozi bila ya ruhusa, akarudishwa kwa uombezi wa Lord Rothschild, tajiri mkubwa wa kukusanya ndege. Kwa miaka thelathini baadaye watumishi walimvizia, na mara nyingine alikaribia kushitakiwa. Lakini alikuwa kanali, tajiri, mwenye marafiki wakubwa, na makumbusho yalitumai kurithi mkusanyo wake. Wakanyamaza.

Nyumbani kwake nako mlikuwa na kivuli. Mke wake wa pili, Anne Constance Jackson, alikuwa mtaalamu wa ndege kwa haki yake mwenyewe, na wako wasemao alikuwa bora kuliko mume. Mwaka 1928, huko Scotland, alikufa kwa risasi ya bastola, na mumewe alikuwapo. Ilihukumiwa kuwa ajali. Watoto watatu walibaki bila ya mama. Sina la kuongeza juu ya hukumu hiyo, ila kwamba shaka haikupata kuzikwa pamoja na marehemu.

Basi kanali akafa na heshima zake, na kwa robo karne baadaye jina lake likaendelea kutajwa vitabuni. Mwaka 1993 mtaalamu mmoja aitwaye Alan Knox alichapisha uchunguzi wa ndege wadogo waliokuwa katika mkusanyo ule. Kikaratasi kilidai wamepatikana Ufaransa. Knox alionyesha kwamba walikuwa wamekusanywa Uingereza na mtu mwengine, miaka mingi kabla. Meinertzhagen alikuwa amewaiba kutoka makumbusho yale yale, akakata kikaratasi cha mwenyewe, akafunga chake, kisha baada ya miaka akayarudishia makumbusho mali yao kama zawadi.

Baada ya Knox wakaja Pamela Rasmussen wa Marekani na Robert Prys-Jones wa Uingereza. Hao walifanya kazi ya subira iliyowastahili wanazuoni wa zamani. Kila mkaushaji wa ndege ana mkono wake, kama kila mshonaji kofia alivyo na mkono wake: huyu hutia kijiti hapa, yule hukunja bawa vile, mwengine hushona kwa nukta za karibu karibu. Kwa kuzipiga ngozi picha za eksirei na kuzilinganisha, waliweza kusema ndege huyu alishonwa na fulani, hata kama kikaratasi kinamtaja Meinertzhagen. Ngozi za wizi zilizogunduliwa zilifika mamia. Nyingine zilikuwa zimefumuliwa na kujazwa upya ili kuficha mkono wa mwenyewe. Na kitabu cha Arabuni kilionekana kimetegemea sana mswada ambao George Latimer Bates, aliyefariki mwaka 1940, hakujaliwa kuuchapisha.

Mtu atauliza, wizi wa ndege waliokufa una madhara gani? Aliye Eldoret ataelewa upesi. Kama imeandikwa kwamba kipanga fulani amepigwa mahali fulani mwezi wa Januari, ramani huchorwa mpaka hapo. Hatua za kumhifadhi huwekwa hapo. Wanafunzi hufundishwa hivyo. Kumbe ndege huyo hakupata kufika huko maishani mwake. Amesafirishwa na kalamu. Na kwa kuwa mwongo huyu alichanganya kweli na uongo kwa mkono ule ule na wino ule ule, wataalamu wamelazimika kuyatilia shaka hata yale aliyoyaona kwa macho yake.

Kisa cha bundi ndicho kilichowashangaza zaidi. Huku kwetu bundi ana jina baya, lakini ni ndege mla nyama kama wenzake, tofauti yake ni usiku tu. Katika Bara Hindi kuna bundi mmoja mdogo wa misituni, naye huwinda hata mchana, ambaye karne ya kumi na tisa walipatikana wachache kisha wakatoweka. Mtu mmoja tu alidai kumpata baadaye: Meinertzhagen, mwaka 1914, mahali paitwapo Mandvi huko Gujarat. Kwa sababu ya kikaratasi hicho, waliomtafuta, na miongoni mwao walikuwamo mabingwa wa ndege wa Bara Hindi, walipoteza muda wakimtafuta upande ule bila ya mafanikio, hata wengi wakasema amekwisha. Rasmussen alipoichunguza ngozi ile aliona mkono wa James Davidson, aliyekusanya ndege katika miaka ya 1880. Kumbe Mandvi ilikuwa uongo. Akaifuta katika ramani, akashika maandishi ya wakusanyaji wa kweli, na mwezi wa Novemba 1997, yeye na wenzake wawili, wakamwona bundi yule hai, mchana kweupe, juu ya mti, katika jimbo la Maharashtra. Mji uliokuwa karibu unaitwa Shahada. Jina hilo ni la wenyeji wa huko na sidhani lina nasaba na neno letu, lakini nilipolisoma niliweka kitabu chini.

Hapo ndipo yalipofunguka na mengine. Kama mtu amewasemea ndege uongo kwa miaka hamsini, mbele ya wataalamu, na bila ya kushurutishwa na yeyote, je, madaftari yake tuyasome vipi? Alituachia juzuu zaidi ya 70 za kumbukumbu, zilizohifadhiwa Oxford, zilizopigwa chapa katika karatasi za kuchomoa na kurudishia. Waliozichunguza wanaona dalili za kurasa zilizoandikwa upya miaka mingi baada ya mambo kutukia. Humo mna madai ya kila namna, pamoja na lile la kwamba alikutana na Hitler zaidi ya mara moja na kwamba safari moja alikuwa na bastola mfukoni. Brian Garfield, Mmarekani aliyetoa kitabu kizima juu yake mwaka 2007, alilichambua dai moja baada ya jingine, na machache yalisimama.

Na humo humo ndimo ilimo habari ya Koitalel. Kwa miongo mingi masimulizi ya wazee wa Kinandi yalipokewa kama maneno ya barazani, ilhali daftari la afisa lilipokewa kama historia, kwa kuwa lina tarehe na lina wino. Wazee hao hawakuwa na karatasi. Walikuwa na silsila: fulani alimsikia baba yake, na baba yake alikuwapo. Sisemi kwamba kila lisimuliwalo Nandi ni sahihi. Masimulizi nayo huota matawi. Nasema tu kwamba kati ya mashahidi wawili, mmoja amekwisha kupimwa kwa eksirei, na tunajua alivyotoka katika mtihani huo. Ni vigumu kuona kwa nini neno lake liendelee kuwa la mwisho juu ya yaliyotokea mlimani siku ile.

Ngozi zake bado zimo katika makabati ya makumbusho, siku hizi katika mji wa Tring, na vikaratasi vyake havikutupwa, ila kila avitumiaye hutahadharishwa kwanza. Fimbo za Koitalel zilikaa kwa familia ya Meinertzhagen zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2006 mwanawe alikubali zirudi Kenya, na Wanandi wakazipokea kwa sherehe na kwa machozi. Kichwa cha Orkoiyot, ambacho wazee husema kilikatwa siku ile ile na kupelekwa Uingereza, hakijarudi.